Wasomaji wa Makovu ya Mlima

Jumatatu tarehe 1 Septemba 2008, ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900 iliondoka Kisangani kuelekea Bukavu ikiwa na watu 17, wengi wao wafanyakazi wa misaada. Haikufika. Mawingu yalikuwa yameifunika milima, na kiasi cha kilomita 15 tu kabla ya mwisho wa safari ndege iligonga ukingo wa mlima wenye msitu. Hakuna aliyepona. Mabaki yalionekana siku iliyofuata, kwenye mteremko mkali ambao hakuna gari linaloweza kuufikia.

Uwanja ambao ndege ile ilikuwa inauendea ni Kavumu, katika wilaya ya Kabare, kaskazini mwa Bukavu. Mtu akisimama hapo asubuhi isiyo na ukungu na kutazama magharibi, anauona mlima Kahuzi, mita 3,308, na karibu yake Biega, mita 2,790. Inaonekana kama ipo mlangoni. Lakini anayeingia ndani ya mianzi ile, penye matope, miiba na mabonde yanayojificha moja nyuma ya jingine, anajua kwamba kilomita 15 za pale ni safari ya kutoa roho. Huko mvua inanyesha bila shahidi. Miti inaanguka, kilima kinamenyeka, mto unabadilisha njia, na wanaoishi chini kando ya barabara hupata habari baada ya wiki, au siku maji ya matope yanapobisha hodi.

Basi jambo lililotokea mlimani bila kuonwa na mtu linajulikanaje? Swali hilo limewashughulisha watu wengi kwa zaidi ya miaka 70, na sehemu kubwa ya jibu lake imeandikwa kutoka Lwiro, kilomita chache tu kutoka Kavumu.

Lwiro ilizaliwa mwaka 1947, pale utawala wa Ubelgiji ulipounda Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi zake IRSAC, na daktari Louis van den Berghe akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Majengo makubwa yalisimamishwa katikati ya vilima vya eneo la Bushi: maktaba, maabara, makusanyo ya mimea na wadudu. Katika miaka ya 1950 vyombo vya kusikiliza matetemeko ya ardhi vilianza kufanya kazi pale. Ilikuwa taasisi ya kikoloni kwa kila hali. Wenyeji walikuwa vibarua na wasaidizi, si wakuu wa utafiti. Hata hivyo, baada ya uhuru, na baada ya vita vyote vilivyofuata, wafanyakazi Wakongo ndio walioilinda maktaba na makusanyo yale, mara nyingi bila mishahara ya kutegemewa. Leo kituo hicho kinaitwa CRSN-Lwiro, na kwa maoni yangu kuokoka kwake ni moja ya mambo makubwa ambayo Kivu ya Kusini imefanya bila kupongezwa.

Mwaka huohuo wa 1947, mbali kabisa na Kivu, kijana mmoja wa Kijapani alikuwa katika kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Seburi, kisiwani Kyushu, akipima radi iliyokuwa inapita. Jina lake Tetsuya Fujita, alizaliwa mwaka 1920. Kutokana na namba za vyombo vyake alihitimisha kwamba ndani ya wingu la radi hakuna hewa inayopanda peke yake. Kuna pia hewa nzito ya baridi inayoshuka kwa nguvu hadi ardhini. Baadaye aliiona makala ya profesa Horace Byers wa Chuo Kikuu cha Chicago juu ya mambo yaleyale, akamwandikia. Mwaka 1953 Byers akamwita Chicago, na huko Fujita akaishi hadi kifo chake mwaka 1998.

Lakini ujuzi wa Fujita wa kusoma uharibifu ulianza kabla ya Seburi, na ulianza kwa msiba. Mwaka 1945 alikuwa mwalimu chuoni karibu na mji wa Kokura. Tarehe 9 Agosti mji huo ndio ulikuwa umechaguliwa kupigwa kwa bomu la pili la atomiki. Rubani hakuuona vizuri kutoka juu, akaenda kuliangusha Nagasaki. Wiki chache baadaye Fujita alifika Nagasaki na Hiroshima kupima yaliyobaki. Katika makaburi ya Nagasaki alichunguza vyombo vya mianzi vya kuwekea maua: upande mmoja ulikuwa umeungua, mwingine mzima. Kwa kupima pembe ya kuungua huko alikokotoa urefu wa kutoka ardhini hadi pale bomu lilipolipukia, zaidi ya mita 500. Aliona pia kwamba moja kwa moja chini ya mlipuko vigogo vya miti vilikuwa vimebaki wima, na kadiri alivyokwenda mbali vilikuwa vimelazwa kuelekea nje, pande zote, kama miale ya jua inavyochorwa na mtoto.

Miaka 29 ilipita. Tarehe 3 na 4 Aprili 1974 visulisuli 148 vilipiga majimbo 13 ya Marekani katika muda wa saa 24 hivi. Fujita akapanda ndege ndogo na kuzunguka maeneo yaliyoharibika. Katika misitu ya milima ya West Virginia, karibu na mji wa Beckley, akaona kutoka juu mchoro ambao hakutarajia. Kisulisuli hukusanya: kwa kuwa hewa inazunguka na kuvutwa ndani, miti huangukia kuelekea njia yake, ikipishana na kukutana. Huku West Virginia, miti ilikuwa imelala kutoka katikati kwenda nje. Ulikuwa mchoro wa Nagasaki. Hapakuwa na bomu hapo, na yeye akakata shauri kwamba hapakuwa na kisulisuli pia. Wingu lilikuwa limeangusha mzigo wa hewa baridi, hewa ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote kwa kasi ya kung'oa miti. Naomba niuite mporomoko wa upepo, maana ndivyo ulivyo.

Wenzake wengi walikataa. Walisema hewa inayoshuka hupungua nguvu kabla ya kufika chini. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 1975, ndege ya shirika la Eastern, safari namba 66, ilianguka ikikaribia kutua New York katikati ya radi, na zaidi ya watu 110 wakafa. Fujita aliitwa kusaidia uchunguzi, akaonyesha kwamba ndege ile ilipita ndani ya mporomoko wa namna hiyo: kwanza upepo wa mbele unaoinua, halafu ghafla upepo wa nyuma unaoondoa nguvu chini ya mabawa. Ubishi uliendelea hadi rada zilizowekwa Illinois mwaka 1978 na Colorado mwaka 1982 zilipoipima miporomoko hiyo mmoja baada ya mwingine. Viwanja vikubwa vya ndege vikaanza kuwekewa mitambo ya kuitambua, na marubani wakafundishwa namna ya kuikwepa. Maelfu ya watu wanasafiri salama leo kwa sababu mtu mmoja alitazama miti iliyolala akakataa kuridhika na jibu la haraka.

Kazi ya Fujita iliyo karibu zaidi na milima yetu ilifanyika mwaka 1987. Tarehe 21 Julai mwaka huo kisulisuli kikubwa kilipita katika msitu wa Teton na kuingia hifadhi ya Yellowstone, jimbo la Wyoming. Wanasayansi wengi walikuwa wakiamini kwamba visulisuli ni mambo ya tambarare, na kwamba milima mirefu huvivunja. Hiki kilikata milima kwenye mwinuko unaofika mita 3,000, karibu sawa na kilele cha Kahuzi, kikavuka uti wa mgongo wa bara la Amerika Kaskazini. Njia yake ilikuwa na urefu wa kilomita 39 na upana uliofika kilomita 2.5. Miti kiasi cha milioni moja iling'olewa au kuvunjwa. Hakuna aliyekufa, hakuna nyumba iliyobomoka, maana hapakuwa na nyumba.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kipimo alichokibuni Fujita mwenyewe mwaka 1971, chenye daraja kutoka F0 hadi F5, kilitegemea majengo: paa limeondoka, ukuta umeanguka, nyumba imefutwa. Msituni, daraja litatolewa kwa kutazama nini? Fujita alipiga picha nyingi kutoka angani, akazilinganisha na ramani ya vilima, akaanza kuchora mishale. Kila kundi la miti lilipewa mshale wa upande ulikoangukia. Penye miti iliyopishana alitafuta ipi iko chini, kwa kuwa iliyo chini ilianguka kwanza, na hiyo inaonyesha upepo ulianzia wapi kabla ya kugeuka. Alitazama mizizi: mti uliong'oka na bonge la udongo hauelezi jambo lile lile na mti uliokatika katikati ya shina. Alitazama ardhi iliyokwanguliwa nyasi na udongo. Mwishowe akakipa daraja la F4, na makala yake ya mwaka 1989 ikaonyesha kwamba ndani ya njia hiyo kulikuwa na alama za mizunguko na za miporomoko ya upepo zilizochanganyika. Mwaka 1988 moto mkubwa ulipita Yellowstone na kuchoma sehemu ya miti ile. Angechelewa mwaka mmoja, sehemu ya ushahidi ingekuwa majivu.

Msomaji wa Kavumu anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Anga la Kabare ni miongoni mwa anga zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Watafiti walioongozwa na Rachel Albrecht wa Brazil walikusanya kumbukumbu za miaka 16 za setilaiti iliyokuwa ikihesabu miale ya radi, wakachapisha orodha yao mwaka 2016. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo la Venezuela. Ya pili, ikiongoza Afrika nzima, waliiandika kwa jina la Kabare: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Hewa yenye unyevu wa msitu wa Kongo inasukumwa mashariki, inagonga ukuta wa milima ya Mitumba, inapanda, na inakuwa radi. Mabati yanayoruka, migomba inayolazwa shamba zima na miti inayong'oka kwenye kingo za hifadhi ya Kahuzi-Biega ni kazi ya mawingu hayo, na kwa kawaida ni kazi ya hewa inayoporomoka kuliko ya kisulisuli. Ila katika milima hii upepo si muuaji mkubwa. Muuaji ni maji yanapoungana na udongo. Kwa hiyo wasomaji wa makovu wa huku kwetu hawakusoma miti iliyolala. Walisoma kilima chenyewe.

Kazi yao ilianza na picha ambazo hazikupigwa kwa ajili hiyo. Katika miaka ya 1950 ndege za serikali ya kikoloni zilipita juu ya Kivu kwa mistari iliyonyooka zikipiga picha baada ya picha, kila moja ikichukua sehemu ya ile iliyotangulia, ili wachora ramani waweze kuziweka mbili pamoja na kuona vilima vikiinuka. Nia ilikuwa ramani za utawala, barabara na mashamba ya walowezi. Picha hizo zilikwenda kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Zilikaa huko miongo mingi. Wakati huo, huku nyumbani, msitu ulioonekana ndani yake ulikuwa unaondoka.

Uliondoka kwa njia nyingi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa tarehe 30 Novemba 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kufikia kilomita za mraba 6,000, ikaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980. Watwa waliokuwa wakiishi ndani ya msitu walifukuzwa bila fidia, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Nataja jambo hili hapa kwa makusudi, maana wao ndio waliokuwa wakijua ni kijito gani kilihama na ni kilima gani kimeanza kupasuka, na ujuzi huo ulitolewa msituni pamoja nao. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika kwa malaki. Kambi za Kashusha na Inera zilisimama karibu kabisa na Kavumu na hifadhi, na kila jiko lilihitaji kuni. Vita vya 1996 na 1998 viliwahamisha watu kutoka bonde hadi bonde. Biashara ya makaa ikakua pamoja na Bukavu. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda, wachimbaji waliingia hadi ndani ya hifadhi.

Ndipo wanajiolojia wakarudi kwenye picha za zamani. Maki Mateso, mtafiti wa Lwiro, pamoja na wenzake wa Kongo na Ubelgiji, akiwemo Olivier Dewitte wa Tervuren, walichukua ukingo wote wa bonde la ufa magharibi mwa ziwa Kivu na kuukagua mteremko kwa mteremko. Walikuwa na picha za miaka ya 1950, picha za setilaiti za siku hizi, na vipimo vya sura ya ardhi. Walikuwa pia na miguu yao. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kovu linaloonekana wazi kwenye skrini linaweza kuwa shimo la mchanga, shamba jipya, au njia ya ng'ombe. Lazima mtu apande akashike udongo: je, ukingo wa juu umekatika ukiacha ukuta wa nusu duara? Je, chini kuna rundo la udongo lenye matuta yasiyo na mpangilio? Miti iliyo juu ya rundo imepinda shina, dalili kwamba ardhi iliendelea kusogea huku ikikua? Wenye mashamba wanakumbuka mwaka gani? Na kupanda huko kulifanyika katika milima yenye vikundi vya silaha, ambapo mtu mwenye ramani na chombo cha kupimia anaweza kudhaniwa jasusi au mtafuta dhahabu.

Mapema mwaka 2023 walichapisha matokeo: maporomoko ya ardhi 2,730 yameorodheshwa na kuchorwa. Mengine ni ya kale sana, vilima vizima vilivyoshuka kabla ya kumbukumbu ya mtu yeyote, na watu sasa wamelima juu yake. Mengine yametokea baada ya miaka ya 1950. Yale ya juu juu, yanayochuna ngozi ya udongo peke yake, yote waliyoyaona ni ya miaka 20 ya karibuni. Mahali msitu ulipokatwa tangu miaka ya 1950, maporomoko haya ni mengi zaidi, ingawa moja moja ni dogo kuliko lile linalotokea ndani ya msitu. Sababu waliyoitoa inaeleweka na mkulima yeyote: mizizi ikiondoka, udongo hauna tena kinachoushikilia, na hata kipande kidogo kinaweza kushuka peke yake. Barabara zilizokatwa ubavuni mwa vilima na machimbo vikaonekana kuongeza hatari kwa namna yake. Mtafiti mwingine, Arthur Depicker, alionyesha mwaka 2021 kwamba katika ukanda huu kukata msitu huanzisha wimbi la maporomoko linalodumu takriban miaka 15. Anayekata mti leo anaweza kuwa amehama au amekufa siku kilima kinaposhuka juu ya mtoto wa mwingine.

Hayo yalikuwa yamekwisha kuchapishwa ilipofika Alhamisi tarehe 4 Mei 2023.

Barabara ya taifa namba 2 inatoka Bukavu, inapita Kavumu na Katana, inaingia wilaya ya Kalehe na kufuata ziwa hadi Minova na Goma. Bushushu na Nyamukubi ni vijiji vya barabara hiyo, katika uchifu wa Buhavu. Viko pale mito inaposhuka kwa ghafla kutoka mlimani na kuingia ziwani, juu ya udongo na mawe ambayo mito hiyohiyo iliyaleta zamani. Ardhi ya namna hiyo ni tamu: ina rutuba, ni tambarare, ina maji na samaki karibu. Mwaka 2014 mafuriko yalikwisha kuua watu Kalehe. Wengi walijenga tena palepale, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kujenga.

Alhamisi ile ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Wiki ilikuwa ya mvua kubwa katika ukanda mzima. Usiku wa kuamkia Jumatano zaidi ya watu 130 walikuwa wamekufa upande wa Rwanda. Alasiri mvua ikaimwagikia milima ya Kalehe. Juu, miteremko ikachunika kwa pamoja, udongo ukaingia mitoni, na mito ikashuka ikiwa si maji tena bali matope yanayobeba mawe makubwa kuliko nyumba na magogo. Soko likafunikwa. Shule, makanisa, vituo vya afya, mamia ya nyumba vikaondoka. Wiki haijakwisha, miili zaidi ya 400 ilikuwa imepatikana, mingine ikiwa inaelea ziwani, na maelfu ya watu waliandikwa kuwa hawajaonekana. Wengi walizikwa kwa pamoja katika makaburi ya haraka. Jumatatu tarehe 8 Mei ilikuwa siku ya maombolezo ya taifa zima.

Waliopanda milima ile baadaye, na waliotazama picha za setilaiti, waliona juu ya vijiji michirizi mingi myekundu kwenye kijani, mmoja baada ya mwingine, ikielekea kwenye mito. Kwa msomaji wa makovu mchoro huo ni wazi: hakikuanguka kilima kimoja, ilichunika ngozi ya milima. Ni aina ileile ya maporomoko ambayo orodha ya Lwiro ilikuwa imeieleza miezi michache kabla.

Lakini kulikuwa na swali jingine, na hapa historia inakuwa chungu. Mwezi Juni 2023 kundi la wanasayansi linaloitwa World Weather Attribution, ambalo kazi yake ni kuchunguza kama mabadiliko ya tabianchi yamechangia majanga fulani, lilitoa ripoti juu ya mafuriko ya ziwa Kivu. Kwa majanga mengi ya Ulaya na Amerika kundi hilo hutoa jibu ndani ya siku au wiki chache. Kwa Kalehe walisema hawawezi kujibu. Takwimu za mvua zilikuwa chache mno, na zile zilizokadiriwa kwa setilaiti hazikukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Mvua iliyoua watu zaidi ya mia nne haikuwa imepimwa vya kutosha kujulikana ilikuwa mvua ya namna gani.

Hilo halitokani na ujinga wa watu wa huku. Vituo vya kupima mvua vilikuwepo wakati wa ukoloni kwenye misheni, mashamba ya chai na ya kinkina, na Lwiro yenyewe. Vilikufa kimoja kimoja kwa vita, kwa wizi, kwa kukosa mtu wa kulipwa kusoma chombo kila asubuhi. Na kinachowezekana kinajulikana. Mjini Bukavu, mtaa wa Funu umekaa juu ya poromoko kubwa linalosogea polepole, kilomita ya mraba moja na nusu hivi. Antoine Dille na wenzake, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, walilipima kwa rada za setilaiti na mwaka 2022 wakaonyesha kwamba ujenzi wenyewe unalifanya lisogee upesi zaidi. Upande wa Uganda, katika milima ya Rwenzori, tangu mwaka 2017 watu wa kawaida wa vijijini wamefundishwa kwenda mahali palipoporomoka, kupima, kupiga picha na kutuma taarifa kwa simu. Mlima ni mbali kwa chuo kikuu. Kwa anayeishi chini yake ni jirani.

Kisha vita vikarudi: tarehe 14 Februari 2025 uwanja wa Kavumu uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na siku mbili baadaye Bukavu. Mwezi Mei mwaka huohuo, usiku, mto Kasaba ulishuka na mawe na matope juu ya kijiji cha Kasaba katika wilaya ya Fizi, kusini mwa jimbo. Zaidi ya watu 100 walikufa. Kijiji hicho kilifikiwa kwa njia ya ziwa Tanganyika tu na hakikuwa na mtandao wa simu, kwa hiyo Bukavu ilichelewa kujua.

Vyombo vya kupima mvua si ghali kama barabara au rada. Shule zipo kutoka Miti na Kavumu hadi Minova, vituo vya afya vipo, parokia zipo, redio za jamii zipo, na Lwiro wapo watu wanaojua kusoma namba hizo na kuzilinganisha na ramani ya makovu 2,730. Yeyote anayeitawala ardhi hii leo, na mashirika yanayoleta mahema na unga kila baada ya mazishi, waweke chombo kimoja katika kila shule iliyo juu ya mto, wamlipe mwalimu mmoja akisome kila siku, na ramani ya Lwiro ibandikwe katika ofisi ya kila chifu wa Buhavu na Kabare kabla mvua za Septemba hazijaanza.